Kuweka tapeti za haidroliki kwenye injini ya Beetle na Kombi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu injini za Volkswagen zinazopozwa kwa hewa, hasa ile ya 1600 inayopatikana kwenye Beetle na Kombi za zamani. Wengi wanaouliza wamechoka kupanga tapeti kila baada ya kilomita 5,000, na wamesikia kwamba kuna tapeti zinazojipanga zenyewe. Zipo, na zinafanya kazi vizuri. Ila kazi hii ni ya oili kabla ya kuwa ya vali. Injini yenye oili safi na presha ya kutosha itanufaika. Iliyochoka itabadilishiwa kelele ya zamani kwa kelele mpya, tena kwa gharama kubwa.

## Mambo ya msingi

Tapeti ya haidroliki inafanyaje kazi?

Tapeti ya kawaida ni kipande kimoja cha chuma. Nundu ya kamshafti (mhimili unaozunguka wenye nundu za kufungulia vali) inakisukuma, nacho kinasukuma pushirodi, pushirodi inasukuma roka, na roka inafungua vali. Kwa kuwa vyuma hivi hurefuka vikipata moto, lazima iachwe nafasi ndogo kati ya roka na vali. Kwenye 1600 nafasi hiyo ni mm 0.15 kwa vali zote, ya kuingiza na ya kutoa moshi, na hupimwa injini ikiwa baridi kabisa.

Tapeti ya haidroliki ina pistoni ndogo ndani yake, springi laini chini ya pistoni, na gololi ndogo inayofunga tundu la oili. Vali ikiwa imefungwa, springi huinua pistoni hadi nafasi yote iishe, na oili huingia kujaza chumba cha chini. Nundu ikianza kusukuma, gololi hufunga tundu, oili inabaki imebanwa humo, na kwa kuwa oili haishindiliki, tapeti huwa ngumu kama chuma kitupu. Kiasi kidogo sana huvuja pembeni mwa pistoni kila mara, kisha hujazwa tena. Kwa njia hiyo inajirekebisha kila mzunguko, injini iwe baridi au moto.

Ni teknolojia ya kuaminika, au ni mapambo ya wauza spea?

Ni ya kuaminika na ni ya zamani. Cadillac waliweka virekebishi vya haidroliki kwenye injini yao ya silinda 16 mwaka 1930. Volkswagen wenyewe waliziweka kwenye injini kubwa ya lita 2.0 ya Kombi kuanzia modeli ya 1978, kisha kwenye injini za T3 (Kombi ya kizazi cha tatu) zilizopozwa kwa maji. Beetle ya Mexico nayo ilizipata miaka ya 1990 ilipobadilishiwa kabureta kwa mfumo wa kupuliza petroli, ikaendelea nazo hadi ya mwisho ilipotoka kiwandani Puebla Julai 30, 2003.

Angalia kilichoambatana na mabadiliko hayo ya Mexico: injini ileile ilipewa pia filta kamili ya oili, ambayo Beetle ya zamani haina. Haikuwa bahati mbaya. Tazama swali la filta hapo chini.

Gari litaongezeka nguvu? Litapunguza ulaji wa petroli?

Hapana kwa yote mawili. Injini ya 1600 yenye milango miwili ya hewa kila hedi (kichwa cha silinda) ilitoka kiwandani na nguvu farasi 50 kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, na itabaki hapo. Unachonunua ni utulivu wa sauti na kuachana na fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi ya vali.

Basi nifanye au nisifanye?

Kama injini inafunguliwa kwa ovahoo (kufumuliwa yote na kutengenezwa upya), bloki ni nzima, na gari linatumika kila siku, fanya. Kama injini inatembea vizuri na shida yako ni kuchoshwa na kupanga tapeti, usifanye. Kupanga tapeti kwenye Beetle ni kazi ya nusu saa kwa spana moja, bisibisi na fila geji, huku vifuniko vya vali vikishikiliwa na waya tu. Hakuna gari lililorahisisha kazi hiyo kuliko hili.

## Spea zinazohitajika

Naweza kubadilisha tapeti tu na kuacha kamshafti ya zamani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu ni hapana. Kuna sababu mbili, na kila moja inatosha peke yake.

Ya kwanza ni umbo la nundu. Kamshafti ya tapeti za kawaida ina mwinuko mrefu wa taratibu mwanzoni na mwishoni mwa nundu. Kazi yake ni kumaliza ile nafasi ya mm 0.15 polepole ili vyuma visigongane kwa kishindo. Ukiweka tapeti isiyo na nafasi, mwinuko ule unaanza kuinua vali papo hapo. Vali inafunguka mapema na kufunga kwa kuchelewa, muda ambao vali zote mbili zimefunguka pamoja unaongezeka, na injini inatetemeka ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta. Kamshafti ya haidroliki ina nundu iliyochongwa kwa hali ya kutokuwa na nafasi.

Ya pili ni uchakavu. Uso wa tapeti na nundu yake husagana hadi kila mmoja akamzoea mwenzake. Tapeti mpya juu ya nundu ya zamani huila nundu hiyo, au nundu huila tapeti, na unga wa chuma unaingia kwenye oili. Sheria ya mafundi wa injini za aina hii ni moja: kamshafti mpya na tapeti mpya, vyote kwa pamoja. Mtu akikuuzia tapeti za haidroliki bila kukuuliza una kamshafti gani, ondoka dukani.

Kagua pia gia ya kamshafti kabla ya kulipa. Gia bapa ya zamani na gia iliyobonyea ya kuanzia 1971 hazitumii pampu moja ya oili, kwa hiyo pampu na kamshafti vichaguliwe pamoja. Gia zikishafungwa, mchezo kati ya gia ya kamshafti na ya kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) usizidi mm 0.05.

Pushirodi za zamani zitafaa?

Kwa kawaida hazifai, kwa sababu kikombe ambamo pushirodi inakaa hakiko kwenye kimo kilekile cha tapeti ya kawaida. Usikisie urefu. Tengeneza pushirodi ya kupimia inayorefuka na kufupika, ifunge na roka mahali pake, zungusha injini kwa mkono hadi vali ifike nusu ya kufunguka, na uangalie roka. Hapo skrubu ya roka inapaswa kukaa sambamba na shina la vali. Ikiwa imeinama, urefu si sahihi, na shina la vali litasukumwa kwa ubavu hadi gaidi yake (bomba ambamo shina hilo huteleza) iishe.

Pushirodi lazima ziwe na tundu katikati, maana oili ya roka hupita humo. Mirija ya pushirodi iliyoko nje inabaki ileile, lakini weka sili mpya ukiwa umeshafungua.

Ni lazima bloki ifunguliwe?

Kwenye 1600, ndiyo. Tapeti zake zina kitako kipana kuliko tundu zinamokaa, kwa hiyo huingia na kutoka kwa ndani tu, na kamshafti imelala kati ya nusu mbili za bloki. Hakuna njia ya mkato. Ndiyo maana nasema kazi hii iambatane na ovahoo: gharama kubwa iko kwenye kufungua na kufunga, hivyo tapeti zenyewe zinakuwa nyongeza.

Wakati wa kufunga, nusu yenye silinda 3 na 4 hukaa chini ikiwa na kranki na kamshafti, na ile ya silinda 1 na 2 hushushwa juu yake. Tapeti za nusu inayoshuka huning'inia kichwa chini. Zishikilie kwa vibanio vya waya au grisi nzito, la sivyo moja itadondoka ndani wakati gundi ya bloki tayari imepakwa. Alama moja ya gia ya kamshafti ikae kati ya alama mbili za gia ya kranki.

Tundu za tapeti kwenye bloki zikaguliwe vipi?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Tapeti ya haidroliki inahitaji oili wakati wote, na oili hiyo inaipata kupitia njia inayokatiza pembeni mwa tundu. Tapeti mpya isukume juu na chini kwa mkono kwenye safari yake yote, na umulike kwa tochi: mfereji wa tapeti unatakiwa kukutana na njia ya oili, hasa vali ikiwa imefungwa, maana ndipo tapeti inajaza. Kama haukutani, bloki inahitaji kuchongwa mfereji na fundi wa mashine.

Kisha tikisa tapeti ubavuni. Tundu lililolika linavujisha oili kabla haijaingia kwenye tapeti, na yakiwa manane yaliyolika, presha ya injini nzima inashuka. Bloki ya namna hiyo iwekewe tapeti za kawaida au itafutiwe nyingine.

Filta ya oili ni lazima?

Ndiyo, bila mjadala. Beetle ya zamani ina wavu tu chini ya sampu. Wavu unazuia vipande vya gasketi na mende aliyeanguka kwenye galoni. Vumbi la barabara za murram unaliruhusu. Ndani ya tapeti ya haidroliki, nafasi kati ya pistoni na ukuta ni ndogo mno, na chembe moja chini ya gololi inatosha kuifanya isishike oili.

Njia ya kawaida ni kutoboa njia kuu ya oili kwenye bloki na kutumia kifuniko cha pampu chenye tundu la kutolea. Oili hutoka kwenye pampu, hupita kwenye filta, kisha hurudi kwenye bloki. Kutoboa kufanyike bloki ikiwa wazi, na vumbi lote la chuma lioshwe. Injini hubeba lita 2.5 tu za oili, na filta itaongeza kidogo. Hiyo ni faida nyingine.

Springi za vali zibadilishwe?

Kwa injini ya kawaida, springi nzima za kiwandani zinatosha. Zikichoka, vali huchelewa kufunga kwenye mwendo wa kasi, tapeti hudhani ni nafasi na hujaza oili kuiziba, na vali hubaki imeachama. Injini hukosa nguvu ghafla, kisha hurudi sawa ukipunguza mwendo. Pima springi zote nane kabla ya kufunga hedi.

## Oili na presha

Nitumie oili gani?

Kwa joto la Mombasa, Dar es Salaam au Dodoma, 20W-50 yenye kiasi kizuri cha zinki na fosforasi ni chaguo salama. Viungo hivyo ndivyo hulinda uso wa nundu na tapeti, na oili nyingi za magari mapya zimepunguziwa. Oili nzito kupita kiasi si dawa: huchelewa kufika kwenye tapeti asubuhi. Badilisha kila kilomita 5,000 hata kama una filta.

Presha iwe kiasi gani?

Kiwango cha kiwanda ni angalau kilo 2 kwa sentimita ya mraba, yaani takriban psi 28, kwenye mizunguko 2,500, oili ya SAE 30 ikiwa na nyuzi 70 za Selsiasi. Pima kwa geji iliyofungwa kwenye tundu la swichi ya taa ya oili, na upime kabla hujafungua injini. Usitegemee taa. Swichi yake huzima taa kwenye presha ndogo sana, kati ya bar 0.15 na 0.45, kiasi ambacho hakiwezi kujaza tapeti nane ipasavyo.

Kama presha iko chini, chanzo huwa ni beringi za kranki, pampu, au tundu za tapeti zilizolika. Rekebisha hayo kwanza.

## Kufunga na kuwasha mara ya kwanza

Tapeti mpya zifungwe kavu au zijazwe oili?

Zijazwe. Chukua kopo safi lenye oili, zamisha tapeti yote, na utumbukize waya mwembamba kupitia tundu la kikombe hadi uguse gololi. Isukume gololi kidogo huku ukibonyeza pistoni kwa kipande cha pushirodi ya zamani. Mapovu yatapanda. Achia, bonyeza tena, rudia mpaka povu liishe, kisha toa waya. Ukibonyeza kwa kidole gumba sasa, pistoni inatakiwa ikatae. Ikinepa kama godoro, bado ina hewa.

Zinapangwaje kama hazina nafasi?

Zinapangwa mara moja, wakati wa kufunga. Weka silinda namba 1 mahali pa kuwaka, vali zake zote mbili zikiwa zimefungwa. Kaza skrubu ya roka hadi mchezo wote uishe na roka iguse shina la vali bila kulisukuma. Kutoka hapo, kaza zaidi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye maelekezo ya tapeti zako. Kwa injini za T3 zilizopozwa kwa maji, Volkswagen walitaja mizunguko 2 kamili. Lengo ni pistoni ikae karibu na katikati ya safari yake, ili iwe na nafasi ya kupanda na ya kushuka. Kisha fuata silinda 4, 3 na 2.

Tapeti ikiwa imejaa oili, kukaza skrubu kutafungua vali badala ya kushusha pistoni. Hilo ni la kawaida. Iache kwa nusu saa, oili ya ziada itavuja na vali itarudi. Usizungushe starta kabla ya hapo, maana vali iliyofunguka inaweza kukutana na pistoni ya injini.

Siku ya kwanza niiwashe vipi?

Kabla ya kuunganisha plagi, zungusha starta hadi taa ya oili izime. Kabureta iwe na petroli na taiming iwe sawa, ili injini ishike mara moja. Ikishika, ipeleke kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika na uiache huko kwa dakika 20, ukiibadilisha kidogo kidogo. Usiiache sailensa. Kamshafti hupata oili kwa kurushiwa na kranki, na kwenye sailensa inarushiwa kidogo mno kwa nundu mpya.

Kelele za dakika chache za mwanzo ni hewa inayotoka. Baada ya hapo mwaga oili yote, badilisha filta, uikate na uangalie ndani. Rangi ya kijivu kidogo si tatizo. Vipande vinavyong'aa ni nundu inayolika.

## Matatizo baada ya kuanza kutumia

Asubuhi inagonga kwa sekunde chache, kisha inanyamaza. Nifanye nini?

Usifanye kitu. Gari likilala, baadhi ya vali hubaki zimefunguka, na springi zake hukamua oili kutoka kwenye tapeti husika. Gari lililoegeshwa wiki kadhaa litagonga kwa muda mrefu zaidi.

Inagonga hata ikipata moto.

Sikiliza kwanza kama ni tapeti moja au zote. Ikiwa moja, huenda ina uchafu chini ya gololi au haikukazwa vya kutosha. Fungua kifuniko cha vali na ubonyeze roka ya kila vali iliyofungwa. Inayonepa ndiyo mkosaji. Ikiwa zote, na hasa kama kelele inaanza injini ikiwa moto kwenye sailensa, hiyo ni presha. Rudi kwenye swali la presha. Kelele inayokuja kwenye kona ndefu au oili ikipungua ni hewa inayofyonzwa na pampu: angalia kijiti cha oili.

Inatetemeka na silinda moja haina kompresheni.

Skrubu imekazwa kupita kiasi, vali haifungi. Simamisha gari leo hii. Vali ya kutoa moshi isiyokaa kwenye kiti chake haipoi, na itaungua ndani ya safari chache.

Bila kupima nafasi, nitajuaje vali inachoka?

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, na wauzaji hawalitaji. Kwenye injini hizi, vali ya kutoa moshi ikianza kurefuka shingoni kwa joto, dalili ya kwanza ni nafasi yake kupungua. Unapanga leo mm 0.15, baada ya muda unakuta imebana, unapanga tena, inabana tena. Fundi makini anajua hapo kwamba kichwa cha vali kiko njiani kukatika, na anashusha hedi kabla hakijatoboa pistoni. Silinda namba 3 ndiyo maarufu kwa hili, kwa sababu kwenye injini za kabla ya 1971 kipoza oili kilisimama kwenye njia ya hewa yake.

Tapeti ya haidroliki inaficha dalili hiyo. Vali inarefuka, pistoni ya tapeti inashuka kidogo, na wewe husikii chochote. Kwa hiyo weka vali mpya za kutoa moshi wakati wa kufanya mabadiliko haya, na pima kompresheni ya silinda zote nne kila unapobadilisha oili, ukiandika namba. Silinda inayoshuka peke yake ichunguzwe mara moja.

## Hali za pekee

Nina Kombi ya lita 1.7 au 1.8. Inawezekana?

Injini hizo ni za familia kubwa, moja na ile ya lita 2.0 iliyopewa tapeti za haidroliki kiwandani. Tapeti, kamshafti na pushirodi zichukuliwe kama seti moja kutoka injini ya haidroliki, na masharti ya kukagua bloki ni yaleyale. Spea za 1600 haziingii humo.

Nataka kamshafti kali ya mashindano.

Baki na tapeti za kawaida. Kwenye mizunguko mikubwa, tapeti ya haidroliki huongeza uzito na hatari iliyoelezwa kwenye swali la springi. Beetle iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962 mikononi mwa Tommy Fjastad ilikuwa na tapeti za kawaida.

Nikinunua Beetle, nitajuaje ina tapeti za aina gani?

Fungua kifuniko cha vali injini ikiwa baridi, weka silinda namba 1 mahali pa kuwaka, na utikise roka kwa vidole. Ukisikia mchezo mdogo wenye mlio, ni za kawaida. Kama hakuna mchezo kabisa kwenye vali zote, usikimbilie kulegeza skrubu. Bonyeza roka kwa nguvu kwa dakika moja. Ikishuka taratibu, ni haidroliki. Isiposhuka, kuna mtu alizibana kupita kiasi, na kompresheni ipimwe kabla hujalipa.

Naweza kurudi kwenye tapeti za kawaida baadaye?

Unaweza, lakini injini itafunguliwa tena, na utahitaji kamshafti, tapeti na pushirodi za kawaida. Mifereji iliyochongwa kwenye bloki haizuii kitu. Filta ya oili iache ilipo.